Kadi Tatu za Mwanamazingaombwe

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Droo alilisubiri neno moja, na lilipomfikia mezani hakujua alishike wapi.

Jina la Mama Droo alipewa na wenzake wa ofisi ya kamusi, maana saa za kazi kichwa chake kilikaa zaidi ndani ya droo kuliko juu ya shingo. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vioo, makabati ya mbao ukuta hadi ukuta, na katika makabati hayo kadi nyembamba zilizopangwa kwa alfabeti. Kila kadi ina neno, sentensi moja iliyosemwa au kuandikwa na mtu halisi, mwezi na mwaka, na herufi za jina la aliyeikusanya. Toleo jipya lilikuwa linaandaliwa, wahariri sita wakagawana herufi kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu, na yeye akaomba M. Wenzake walimcheka. M ni herufi ya mateso: humo wamo mkulima, mwizi, mkwe na mjomba, na kila mmoja ana kesi yake. Nani mwenye akili timamu anaomba M?

Yeye aliomba, na sababu hakumwambia mtu. Katika toleo la zamani kulikuwa na mstari mfupi, mfupi wa kuudhi: "mwanamazingaombwe nm tz. mchawi." Basi. Hakuna maelezo, hakuna mfano. Hiyo tz. ni "tazama", yaani msomaji afunge safari mpaka kwenye mchawi, na akifika huko akute mtu anayedhuru wenzake kwa siri.

Baba yake Mama Droo alikuwa mwanamazingaombwe. Alivaa koti jeusi lenye mifuko mingi kuliko mahitaji, akazunguka shule kwa shule na vikombe vitatu vya bati na kipira chekundu cha sufu. Kipira kinaingia chini ya kikombe hiki, kinaonekana chini ya kile, mwisho kinatolewa sikioni mwa mwalimu, na watoto wanaanguka chini kwa kicheko. Watu walimwita Mzee Vikombe hata kabla hajawa mzee. Kazi ile iliwalisha watu watatu na kuwavisha, mpaka siku ya kikao cha wazazi.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne, amekaa safu ya nyuma na mama yake. Mzazi mmoja alisimama akasema mwanawe halali tangu yule mtu wa vikombe apite shuleni. Mwingine akamjibu kwamba ule ni mchezo tu. Wakabishana. Mwalimu mkuu, mtu wa haki na wa kuogopa makosa, akasema kubishana kwa nini na kamusi ipo? Akaitoa kabatini, akalamba kidole, akasoma kwa sauti: "Mwanamazingaombwe. Tazama mchawi." Kisha mama mmoja akasema, taratibu kabisa, "Lisemwalo lipo."

Mwezi haukuisha, shule zote zikaandika barua za kumshukuru na kumwambia asije tena. Mashoga wa mama wakaanza kupita mtaa wa pili. Darasani binti akaambiwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na rafiki yake wa dawati moja akahamisha daftari zake. Mzee akaenda kulinda ghala la saruji. Mama alikufa miaka sita baadaye, na wiki zile za mwisho hakuna jirani aliyeingia kumsalimu ila yule wa kuja kuazima ngazi. Mama Droo hakumsamehe mtu, na kwa kuwa huwezi kuuchukia mji mzima ukaendelea kununua nyanya, aliuchukia ule mstari.

Sasa mzee ana miaka themanini na moja na anaishi kwa binti yake. Kila jioni swali lake ni lile lile.

"Mmefika wapi?"

"Tuko kwenye mu-, baba."

"Mwanangu, mimi sitaki sifa. Nataka tu kuhamishwa kutoka kwa yule jirani. Miaka yote hii wananilaza nyumba moja na mchawi, na wala kodi hachangii."

Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatania. Kurasa zilikuwa zinakwenda kiwandani Ijumaa, na toleo linalofuata, kwa mwendo wa ofisi ile, lingechukua miaka ishirini. Mzee alijua hesabu hiyo, binti aliijua, na hakuna aliyeitaja.

Jumatatu asubuhi zamu ya mwana- ilifika, na Mama Droo alivuta droo. Alitegemea kukuta kadi moja ya mpumbavu mmoja, aichane moyoni mwake kisha aishinde kwa kanuni. Kanuni ya ofisi ilikuwa mashahidi watatu: maana haiingii bila kadi tatu za wakusanyaji watatu, na kadi ikishaingia haitupwi. Chini ya mwanamazingaombwe alikuta kadi tatu kamili, mikono mitatu, herufi za majina ya watu watatu, mwaka mmoja, miaka miwili kabla hajazaliwa. Kwenye zote tatu chanzo kilikuwa "mwanamazingaombwe akijieleza mbele ya watu", na sentensi ilikuwa moja:

"Mimi ni mchawi, baba yangu mchawi, na wewe unayecheka, kesho utatafuta pua yako!"

Aliisoma mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili polepole, mara ya tatu aliketi. Yale maneno aliyajua. Aliyasikia tangu yuko mgongoni mwa mama yake, nyuma ya pazia, kabla ya vikombe kutoka kwenye sanduku. Ndiyo aliyofungulia mchezo baba yake. Miaka yote alimtafuta adui nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, tena nguo yenyewe koti jeusi la mifuko mingi. Alibaki ameshika kadi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, hajui ambembeleze au amrudishe.

Jioni hakuanza na hilo. Alianza kwa mbali.

"Baba, hivi neno mazingaombwe limetoka wapi?"

Mzee alifurahi kuulizwa. "Hilo ni jepesi. Kuzinga ni kuzunguka, ombwe ni utupu. Unauzungusha utupu mpaka mtu anauona umejaa."

"Juzi ulisema lilikuwa jina la mtu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema alikuwa seremala, na mkewe alimkimbia."

"Ehee, na huyo naye alikuwepo." Mzee alikuna kidevu. "Lakini aliyenifundisha mimi alisema ni kelele tu. Unapaza 'Zinga! Ombwe!' watu wanatazama mdomo, mkono unafanya yake. Andika hiyo. Hiyo ndiyo ya kweli."

"Zote tatu unasema za kweli."

"Kwani wewe unataka ngapi?"

Hata ofisini, mchana wa siku hiyo, hapakuwa na nafuu. Mhariri wa K aliapa neno limekopwa kwa majirani, mhariri wa S akasema majirani ndio waliolikopa, na Mhariri Mkuu alipoulizwa alisema neno lenye baba watano ni yatima, andika "asili haijulikani" tuendelee. Mama Droo aliandika. Kwa mchawi mambo yalikuwa wazi, neno la kale, ndugu zake wamejaa katika lugha za jirani. Sihiri nayo ilijulikana ilikotoka. Kiinimacho kilijieleza chenyewe. La baba yake peke yake ndilo lilikuwa halina mbele wala nyuma, na kadiri alivyolichimba ndivyo alivyozidi kutojua alichokuwa anakitafuta.

Ndipo jioni ile, mezani, akauliza lililomkaa moyoni. "Baba, uliwahi kusema jukwaani kwamba wewe ni mchawi?"

"Mimi?" Mzee alitoa macho. "Sijawahi. Mimi nijiite hivyo, mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu? Mwanangu, unanijua."

Alisema bila kupepesa, na Mama Droo akajikuta anaanza kuyatilia shaka masikio yake ya utotoni. Labda aliyasikia kwingine. Labda kulikuwa na mtu mwingine mwenye vikombe. Alilala na mawazo hayo, akaamka nayo, na Jumanne saa tatu asubuhi akampigia simu mkusanyaji pekee kati ya wale watatu aliyekuwa bado hai, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza.

"Namkumbuka sana," alisema mwalimu. "Ilikuwa ukumbi wa chuo cha ualimu. Tulitumwa kukusanya maneno, tukasikia kuna mchezo, tukakaa mstari wa mbele sote watatu."

"Nyote watatu? Jioni moja?"

"Jioni moja, kiti kwa kiti. Akatoka na koti lake akasema mimi ni mchawi, baba yangu mchawi. Tulicheka, dada! Mwenzangu mmoja alicheka mpaka akapoteza kalamu, ikabidi anakili kwangu."

"Sasa mlivyocheka, hamkuona kwamba anatania?"

"Tuliona. Lakini sisi tuliambiwa tuandike alichosema mtu. Kadi haina mahali pa kuandika kicheko."

Mama Droo alikata simu akashika tama. Kwa hiyo baba yake alisema, na jana alimdanganya usoni. Au alisahau. Au hakusahau wala hakudanganya, ila yule aliyesema jukwaani si yule anayekaa naye mezani akilalamikia chumvi. Mdomo huponza kichwa, lakini huu uliponza kichwa cha mke na cha mtoto pia, kwa ajili ya vicheko vya mstari wa mbele. Alimkasirikia baba yake kwa mara ya kwanza katika jambo hili, akamhurumia hapo hapo, na hisia zile mbili hazikukubali kupeana zamu.

Jumatano alimpelekea Mhariri Mkuu kadi zote tatu. Mhariri Mkuu alikuwa mama mwembamba, miwani miwili shingoni, mtu ambaye angemwomba hata mwizi amtajie chanzo.

"Watu watatu kiti kwa kiti, na mmoja amenakili," alisema akizipanga mezani. "Huyu ni shahidi mmoja aliyevaa kofia tatu. Maana imeanguka."

Mama Droo alitaka kuruka.

"Usishukuru bado. Ikianguka, neno linabaki na nini?"

"Nina kadi mbili mpya. Moja ya gazeti, moja ya kitabu cha darasa la nne. Zote zinasema ni mchezaji anayehadaa macho kwa kuburudisha."

"Mbili."

"Mbili, lakini..."

"Mbili si tatu. Bila ya tatu neno linatoka lote. Haliendi kwa mchawi, haliendi popote, halimo."

Akili ilimruka. Alikuja kumtoa baba yake kwenye nyumba mbaya, sasa alikuwa karibu kumtupa barabarani. Akasema kwa haraka kwamba mwenye kazi yupo hai, yuko nyumbani kwake, ni baba yake mzazi. Mhariri Mkuu alivua miwani moja akavaa nyingine.

"Miaka kumi na mmoja unakaa na chanzo nyumbani, hukusema?"

"Nilijua kadi ya mtoto haitakubalika."

"Haitakubalika. Yangu itakubalika. Kesho saa kumi nakuja mwenyewe. Nitamwuliza kazi yake, atakachojibu ndicho nitakachoandika. Na usimfundishe la kusema, nitajua."

Hakumfundisha. Alimwambia tu kwamba mkubwa wake anakuja kumsikiliza habari za kazi, na alipoyasema hayo aliona kosa lake hapo hapo, kwa jinsi mzee alivyonyanyuka kitini bila kushika meza. Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyekuja kumtazama. Alhamisi yote alikuwa chumbani anapiga koti brashi.

Saa kumi Mhariri Mkuu aliketi kwenye kochi, kadi tupu gotini, kalamu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Sogea mbele, huko mbali hutaona."

"Nimekuja kuuliza jambo dogo. Wewe kazi yako ni nini?"

Mzee alisimama katikati ya sebule. Nyuma yake kulikuwa na friji, pasi, na kalenda ya mwaka uliopita. Alitandaza mikono, mabega yakapanda, na kutoka kwenye kile kifua chembamba ikatoka sauti ambayo Mama Droo alidhani imekufa:

"Mimi ni mchawi! Baba yangu mchawi! Na wewe unayecheka..."

"Baba!"

"...kesho utatafuta pua yako!"

Hakuna aliyekuwa anacheka. Mhariri Mkuu aliinamisha kichwa akaanza kuandika, maana kanuni ni kanuni. Mama Droo aliisikia kalamu ikikwaruza, akaona miaka yake yote ikiingia kwenye kadi ile kwa mwandiko mzuri uliolala upande. Alitaka kulia, alitaka kumtikisa yule mzee, alitaka kumpigia makofi kwa sababu ilikuwa sauti nzuri. Hakufanya hata moja. Alisimama mlangoni akijiuliza kama baba yake hakuelewa swali au yeye ndiye hajawahi kuelewa jibu.

Mzee hakuona lolote. Alikwishatoa vikombe. Akavipanga juu ya meza ya chai, akaonyesha kipira chekundu, akakifunika. Mikono ikaanza safari yake, huku, kule, huku, na maneno yakienda nayo, na kwa muda mfupi ikawa kweli kwamba mkono ni mwepesi kuliko jicho. Kisha akainua kikombe cha kati. Kitupu, sawasawa. Akanyoosha mkono kuelekea sikio la Mhariri Mkuu, vidole vikatetemeka, na kipira kikadondoka kutoka kwenye mkono wa koti, kikadunda sakafuni, kikaviringika mpaka chini ya kochi.

Friji ilikuwa ikinguruma. Mzee alitazama kiganja chake, akakigeuza, akatazama upande wa pili.

"Tafadhali endelea," alisema Mhariri Mkuu kwa upole usio wake.

"Niendelee nini, mama, umeshaona." Sauti ya jukwaani ilikuwa imekwisha. "Kimedondoka. Mimi si mchawi. Mchawi angedondosha? Yale ni maneno ya kuwatisha watu kidogo ili wacheke vizuri. Mimi ni mwanamazingaombwe. Nahadaa macho ya watu kwa mikono, watu wafurahi, waende zao. Sina kingine. Na sasa hata mikono sina."

Aliketi. Mhariri Mkuu aliitazama kadi iliyokuwa gotini, akaiweka kando, akatoa nyingine mfukoni. Aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alisimama, akamshika mzee mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia, "Ahsante, baba," na mlangoni akamwambia Mama Droo, "Kadi zote mbili zitaingia. Lakini ya pili ni ya mtu anayejieleza, ya kwanza ni ya mtu aliye kazini. Andika mstari wako usiku huu, kesho asubuhi niukute." Akashuka ngazi.

Basi, kadi ya tatu ilikuwa imepatikana. Mzee angehama nyumba ya mchawi, angekuwa na mstari wake mwenyewe na maana yake mwenyewe, na Mama Droo alikuwa ameshinda. Aliingoja furaha ije. Badala yake alimwona baba yake ameinama kwenye kochi, anapapasa chini yake, na aliona haya kama aliyefungua mlango bila kubisha hodi. Maisha yake yote alijiuliza kile kipira kinakaa wapi kabla ya kutokea sikioni. Alikuwa ameahidiwa kuambiwa siku ya harusi yake, kisha siku ya kupata mtoto, na hakuambiwa. Kumbe ni kwenye mkono wa koti tu, penye kipande cha lastiki.

Alipiga magoti akakitoa kipira, akampa.

Mzee alikifuta vumbi kwa kidole gumba. Hakumtazama. "Uliona kilikotoka?"

"Hapana, baba. Nilikuwa namtazama mgeni."

"Kweli hukuona?"

"Nilisikia tu kimeanguka."

Mzee alikirudisha kipira kwenye koti, polepole, akiwa amempa mgongo ili asionyeshe ni wapi. Aliyaamini maneno ya binti yake au alimhadaa kwamba ameyaamini, Mama Droo hajui mpaka leo.